Ubwabwa wa Harithi

Mwaka 2005 iliitishwa semina ya siku mbili mjini Nachingwea, ya kuandika upya mpango wa dharura. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia, na vijana wa kamati ya maafa walitaka mpango unaoendana na wakati. Kwa heshima wakamwalika na Serafina, aliyewahi kukaa miaka kumi na minne mbele ya simu ya upepo, akipokea taarifa za vijiji na kuzipeleka kwa wakubwa. Mchana ukaletwa wali na kuku. Serafina akasogeza sahani pembeni, akaomba ugali.

Wanaomfahamu hawakushangaa. Mama huyu hali wali. Harusini hali, msibani hali, Krismasi nyumbani kwa binti yake mwenyewe hali. Wengine wanasema ni tumbo, wengine wanasema mganga alimkataza. Watu wakikosa jibu hutengeneza la kwao, hilo tumelizoea.

Jioni mtoa mada akauliza kama wazee wana la kuongeza. Serafina akasimama, akashika kiti cha mbele yake. "Andikeni hivi," akasema. "Mtu ambaye hajawahi kukuomba kwa adabu, siku akisema tafadhali, gari litoke kwanza, maswali yafuate." Ukumbi mzima ukacheka. Mtoa mada naye akacheka, akageukia karatasi yake ya manila ukutani, akaandika: kuboresha mawasiliano.

Ndiyo hivyo, mama wa watu akakaa chini. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na labda ni heri, maana jibu lake lingewarudisha miaka saba nyuma, kwenye mvua zile za el-nino, ndani ya chumba kile.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ofisi ambayo haina haja ya kutajwa. Upana wake hatua nne. Dirisha moja lenye nondo, na mlango ulioumuka kwa unyevu mpaka ukawa haufunguki bila kusukumwa kwa bega. Juu ni bati tupu, na mvua ikinyesha Serafina alijifunika khanga kichwani pamoja na spika ili asikie. Mezani kulikuwa na simu ya upepo, daftari na rundo la fomu. Mara tatu kwa siku, saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi jioni, vituo tisa vya vijijini vilijitaja kimoja kimoja, naye akaandika: kipindupindu kimeingia, simba wameonekana mashambani, daraja limekwenda. Kisha akapeleka fomu kwa Bwana Fortunatus, katibu wa kamati ya maafa, ambaye ndiye aliyekuwa na funguo za lori na boti.

Ruangwa wakati huo ilikuwa imeshapewa wilaya yake. Lakini mawimbi hayagawanywi kwa kalamu kama ramani, na baadhi ya vituo vya upande wa Ruangwa viliendelea kusikika vizuri zaidi Nachingwea. Kimoja kilikuwa Nakachindu, kijiji cha bondeni, karibu na Mto Mbwemkuru. Aliyeshika simu kule alikuwa mhudumu wa zahanati, Harithi, mwanamume mwembamba mwenye sauti nene kuliko mwili wake.

Harithi na Serafina walikuwa watani. Siyo utani wa kujifanya huu wa mjini, wa kuitana mtani kwa sababu ya timu za mpira. Wote ni Wamwera, huyu Mwislamu na yule Mkristo, na ukoo wa huyu na ukoo wa yule ni watani tangu enzi za bibi wa bibi zao. Mtani anakutukana hadharani nawe unacheka. Anachukua kuku wako, unamsindikiza. Ukifa, anakuja kwenye msiba wako kufanya vituko mpaka wenye machozi washike mbavu, na wafiwa wanamshukuru. Jambo moja tu haliruhusiwi: kununa. Mtani hanuni, hashitaki, na wala haombi radhi.

Kwa hiyo vituo vingine vyote vilikuwa kazi, Nakachindu ilikuwa burudani.

"Nachingwea, Nachingwea, Nakachindu hapa. Huyo bibi bado anapumua? Ova."

"Anapumua. Anangoja kukuzika kwanza. Ova."

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1997, mvua zilipoanza kuonyesha kwamba hazina mchezo, Bwana Fortunatus aliwakusanya washika simu wote akawasomea mpango. Ulikuwa mpango mzuri, tuseme ukweli. Kila taarifa ya maafa ianze na maneno haya: "Taarifa ya dharura, narudia, taarifa ya dharura." Bila maneno hayo, haihesabiwi kuwa taarifa ya maafa. Mshika simu haondoki kwenye simu mpaka apokewe na mwingine. Na utani hewani ni marufuku.

Harithi akanyoosha mkono. "Mzee, mtu akifa kwa kukosa utani, tunajaza fomu ipi?"

Hata Bwana Fortunatus alicheka, na huyo si mtu wa kucheka. Serafina akasema fomu ya mifugo. Wakarudi makwao.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya mvua ya rasharasha, sauti ya Harithi ikaja nzito kupita kawaida. "Taarifa ya dharura, narudia, taarifa ya dharura. Mto umeingia kijijini. Watu wako juu ya paa la shule. Leteni boti. Ova."

Serafina alijaza fomu, akausukuma mlango kwa bega, akakimbia. Bwana Fortunatus akatoa amri, na katika muda wa nusu saa lori likatoka na boti, maturubai na wauguzi wawili. Likakwama kwenye tope nusu ya siku. Saa kumi jioni Harithi akarudi hewani.

"Mtani, boti imefika wapi? Waambie walete na mto, huku hata ndoo hazijajaa. Na wewe, tangu lini shule yetu ikawa na paa?"

Ni kweli. Shule ya Nakachindu ilikuwa kuta tupu. Watoto walisoma juani, na kila mwaka wazee wa kijiji walilalamika juu ya bati ambazo hazifiki. Harithi mwenyewe alikuwa amemsimulia mara kumi. Ndani ya uongo wake alikuwa amemwekea Serafina mlango wa kutokea, naye hakuuona. Kwa sheria za utani alikuwa amepigwa bao la wazi.

Tatizo ni kwamba lori halijui sheria za utani. Bwana Fortunatus akamwita, akamuuliza nani amedanganya. Serafina akatazama sakafu. Kumtaja mtani kwa mkubwa ni aibu ambayo ukoo wake usingeivumilia, na yeye mwenyewe asingeiweza. "Nilisikia vibaya, mzee," akasema. "Mvua kwenye bati."

Akapewa barua ya onyo. "Ukirudia," Bwana Fortunatus akasema, bila hasira, "hicho kiti nitampa mwingine." Serafina alikuwa mjane. Nyumbani Nambambo alikuwa na mama yake mgonjwa na mabinti wawili shuleni, na kiti hicho ndicho kilichowalisha wote. Akaikunja barua, akaiweka ndani ya daftari, ukurasa ambao lazima aupitie kila asubuhi.

Harithi alipopata habari hakusema pole, maana mtani hasemi pole. Alituma jogoo kwa lori la korosho, amefungwa karatasi shingoni: "Huyu ndiye aliyekuwa juu ya paa." Serafina alicheka mpaka machozi, akamchinja. Akajiapiza kwamba safari nyingine hanasi.

Mwezi wa pili mvua ilikuwa haikatiki tena, ilikuwa inapumzika tu. Jumanne moja, saa moja asubuhi, vituo vinane vikajitaja. Cha tisa kikachelewa. Kisha sauti ya Harithi ikaja, ndogo, yenye mikwaruzo.

"Serafina."

Hakumwita bibi. Hakumwita mtani. Hakusema taarifa ya dharura. Alisema, "Serafina, maji yameingia. Watu wako juu ya paa la shule. Tafadhali, tuma boti."

Jamani. Miaka saba amelala na maneno hayo, anayageuza kama mgonjwa anavyogeuka kitandani, na kila upande unauma. Kila kitu kilikuwa mle ndani. Lakini asubuhi ile alichosikia yeye ni paa la shule. Akaona ile barua ndani ya daftari, akaona lori limezama kwenye tope, akaona mama yake na mabinti wake. Halafu, na hili ndilo linalomchoma zaidi, akaona raha. Alimnasa mtani wake anarudia utani uleule wa zamani, amekosa hata kitu kipya cha kutunga.

Akabonyeza kitufe. "Safari hii hunipati. Kufa upesi, mtani. Ubwabwa wa msiba wako nitakuja kuula mwenyewe. Ova."

"Serafina, si..." Ikakatika.

Alicheka peke yake mle chumbani. Hakuandika kitu.

Saa sita aliita Nakachindu mara tatu, kimya. Akasema moyoni, amenuna huyo, ameshindwa. Lakini mtani hanuni. Akalijua hilo huku mkono wake ukiwa bado kwenye kitufe. Akajiambia ni betri. Siku zote hizi hakuna jua, betri za vijijini zinajazwa kwa jua, ni betri tu. Akafikiria kwenda kwa Bwana Fortunatus. Akaenda mpaka mlangoni, akaweka bega. Atamwambia nini? Kwamba ana taarifa ambayo si taarifa, ya paa lisilokuwepo, kutoka kwa mtu yuleyule? Akarudi akakaa. Kati ya saa sita na saa kumi aliita mara nyingine nane. Bati juu lilikuwa linapigwa na mvua, naye amejifunika khanga, anasikiliza mkoromo wa simu.

Saa kumi ikaja sauti ya mwanamke. Alikuwa Biasha, mke wa Harithi, ambaye Serafina alimfahamu kwa salamu tu.

"Nachingwea. Taarifa ya dharura, narudia, taarifa ya dharura." Alisema polepole, kama mtu anayesoma kilichoandikwa na mwenzake. "Tuko thelathini na mmoja juu ya paa la shule. Shule imeezekwa mwezi uliopita. Betri ya kwanza ilikufa asubuhi. Saa tisa Harithi alirudi zahanati majini kuchukua ya pili. Ameileta, tumeivuta kwa kamba. Yeye hatukuwahi kumvuta. Ova."

Serafina alijaza fomu. Akausukuma mlango kwa bega, akakimbia. Lori lilitoka baada ya robo saa, na asubuhi ya Jumatano boti iliwashusha watu wote thelathini na mmoja, wakiwa hai, watoto kumi na wawili miongoni mwao. Mpango ulifanya kazi. Wakubwa walisema hivyo, nao hawakusema uongo.

Lakini Serafina alijua hesabu. Kwa lori na boti, Nakachindu ilikuwa safari ya muda wa saa sita. Lori likitoka saa mbili asubuhi, boti inafika saa nane. Harithi aliingia majini saa tisa. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu, na haikumwacha alale.

Wala hakuweza kutoka. Mvua ilinyesha siku kumi na moja mfululizo, na aliyepaswa kumpokea alikuwa amekwama Kiegei, ng'ambo ya daraja lililozolewa. Mpango unasema mshika simu haondoki. Akaletewa godoro na chakula mle ndani. Siku ya tatu Nakachindu wakasema Harithi ameonekana kwenye matete, anazikwa leo adhuhuri. Serafina akaenda kwa Bwana Fortunatus, kofia ya nailoni kichwani, akaomba ruhusa.

"Mimi ni mtani wake, mzee. Lazima niwepo."

"Dada Serafina, una vituo vingine vinane vinakuita. Ukiondoka, nani anawasikia?"

Hapo hapo, akiwa amesimama na maji yanamchuruzika, akamweleza yote: mzaha wa Desemba, barua aliyoipokea kwa niaba ya mwingine, na alichojibu Jumanne asubuhi. Alitaka afukuzwe. Alitaka, kwa mara ya kwanza, kile kiti apewe mwingine.

Bwana Fortunatus alimsikiliza mpaka mwisho. Akafungua faili la mpango, akapitisha kidole kwenye mstari. "Taarifa ya asubuhi haikuanza na maneno yanayotakiwa," akasema kwa upole. "Kwa utaratibu, haikuwa taarifa. Umefuata mpango. Rudi kazini, mama, unafanya kazi nzuri sana."

Akarudi. Akausukuma mlango kwa bega, akaurudishia. Harithi akazikwa bila mtani kaburini, na saa ile ya adhuhuri Serafina alikuwa anaandika idadi ya maturubai yanayohitajika Lionja.

Siku ya arobaini barabara zilikuwa zimekauka kiasi. Serafina akapanda lori mpaka lilipoishia, akatembea mwendo wa saa tatu. Aliiona shule kabla ya kukiona kijiji. Bati zilikuwa mpya, zinang'aa, na ukutani alama ya maji ilikuwa juu ya madirisha. Akasimama pale kwa muda, akitazama urefu kutoka alama ile mpaka ukingo wa paa. Haukuzidi mkono wa mtu.

Nyumbani kwa marehemu watu walikuwa wengi. Walipomwona wakaanza kutabasamu, maana mtani amefika, sasa msiba utachangamka. Aliyempokea ni mzee Saburi, mjomba wa Harithi, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye mtoto. Serafina hakukaa. Alipiga magoti mbele yake, akamwambia, "Mjomba, nimemuua mimi. Aliniomba boti nikamtukana."

Mzee akamshika mkono, akamwinua. "Wewe ni mtani," akasema. "Yeye alikutania, ukamjibu. Mtani hana kosa kwa mtani wake. Tangu lini?"

"Lakini safari hii hakuwa anatania."

"Basi alisahau kukwambia. Kaa, mwanangu, ule."

Heri mzee angempiga. Angemtemea mate. Serafina alikuwa amekuja kilomita zote zile kutafuta mtu mmoja tu wa kumwambia umekosa, kwa sababu ambaye hajaambiwa amekosa atasamehewa lini? Mpango ulimwambia hana kosa. Mila nayo imemwambia hana kosa. Akaona milango yote imefungwa kwa wema, na yeye amebaki ndani.

Ndipo Biasha akatoka jikoni. Alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda, na mikononi ameshika sahani, imejaa ubwabwa mpaka kilele. Watu wakampisha. Akaja mpaka mbele ya Serafina, akaiweka sahani juu ya mkeka, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Karibu, mtani. Uliahidi utakuja kuula mwenyewe."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Wazee wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Mke wa mtani ni mtani, na ule ulikuwa utani wa kiwango cha juu, marehemu mwenyewe angeufurahia. Hakuna aliyejua maneno yale yametoka wapi, isipokuwa wale waliokuwa juu ya paa, karibu na simu, asubuhi ile. Biasha alikuwa karibu kuliko wote. Yeye hakucheka. Alikaa chini mbele ya Serafina, akamtazama usoni, akangoja.

Serafina akanawa mikono. Akala. Tonge la kwanza alilisukuma kwa maji. Watu waliendelea kumtania, kwamba wa mjini wana njaa, kwamba amwachie hata marehemu kidogo, naye aliwajibu, maana ndiyo kazi ya mtani, na kila alipowajibu walizidi kucheka. Alikula mpaka akaiona rangi ya sahani, akaokota punje za pembeni moja moja.

Biasha akaichukua sahani.

"Umeshiba, mtani? Ova."

Watu wakacheka tena, na Serafina akacheka nao, kwa kuwa mtani hanuni.